Herufi za Shanga za Loveness

Hivi wewe umeshawahi kuona marehemu anaitwa aingie chumba cha matibabu?

Yonas ameona. Na ubao uliomwita mkewe, herufi zake alizichora yeye mwenyewe.

Kijana ana degree ya kompyuta, ajira hakuna, connection hakuna, anachapa barua za watu stationery pale Dongobesh. Zahanati ya kijijini kwao ikaletewa ubao wa taa nyekundu wa kuita wagonjwa, akaambiwa ajitolee kutengeneza fonti, maumbo ya herufi zake, "tutakukumbuka." Volunteer, kama kawaida yao. Basi mchana kweupe akakaa mezani na mkewe Loveness, mimba imeshakuwa kubwa. Mke anatunga shanga kwenye kipande cha ngozi, mume anaiga kwenye laptop: shanga moja, pikseli moja. Kila herufi chumba cha upana uleule, i nyembamba sawa na m nene, kama mwandiko wa simu za kitochi.

"Hii i yako inapwaya," Loveness akamcheka.

"Ivalishe viatu basi, mama kijacho."

Akaiongezea shanga miguuni. Ikakaa vizuri.

Ubao ukazinduliwa kwa hotuba na soda. Kijiji kiliomba muuguzi. Kikaletewa ubao.

Siku Loveness alipoanza kutoka damu, Yonas alimfikisha zahanati, akakimbia kutafuta gari. Kissa wa mapokezi akamwambia mgonjwa, "Dada, subiri jina litokee." Akasubiri, mtu wa adabu zake. Jina lilipotokea, chumbani hakukuwa na mtu wa kumpokea, na Loveness alishapoa kwenye benchi. Mtoto naye tumboni.

Nyumba ikaingia meta: wenye msiba hawachanganyiki na watu, wala watu hawaingii kwao. Ndiyo maana Kissa alisimama nje ya uzio, akanong'ona.

"Kaka Yonas. Ubao unamwita."

"Unamwita nani?"

"Tumechomoa waya. Bado unamwita."

Mama yake, Kornelia, akamshika shati. "Usitoke, mwanangu. Meta haijaisha."

Akatoka, laptop kwapani.

Zahanati, wagonjwa wote wamesimama uani. Waya umelala sakafuni. Jina jekundu: LOVENESS. Chumba namba moja. Mlango ukafunguka. Ukajifunga. Jina likarudi.

Benchi lilikuwa limelowa.

Akizifuta zile herufi, huenda mkewe atapumzika. Akizifuta, ndiyo mwisho wa kazi ya vidole vyake. Shanga zenyewe walimzika nazo.

"Nisamehe, Love."

Akaunganisha laptop na ubao, akafuta. Moja moja. Ile i yenye viatu akaiacha ya mwisho.

Ubao ukazima. Watu wakapumua.

Kisha ukawaka. Polepole. Shanga kwa shanga.

QAMARA.

Jina la mtoto. Walilichagua wawili tu, kitandani, hawakumwambia mtu. Na Q ile, yenye mkia uliopinda, Yonas hakuwahi kuichora.

Sasa ninyi mliokata utepe: mtoto huyo anaitwa hadi leo, na chumba namba moja hakina mtu. Leteni muuguzi. Msituambie bajeti ijayo. Mleteni, amfungulie mlango.