Betri Isiyoisha

Kila asubuhi mama alimfunga binti yake utepe kichwani, akakaza kifaa kidogo cha kusikia nyuma ya sikio la kushoto, lililoacha kusikia tangu homa ya utotoni. Kifaa kilitikisa mfupa wa kichwa taratibu, na sauti ikapita hadi sikio la kulia lililo zima.

"Mungu akusikizishe mema," mama alisema.

"Amina."

Akifika langoni mwa shule, binti alikivua, akakizima na kukitumbukiza ndani ya mkebe wa rula. Heri waniite Maringo, aliwaza, kuliko waniite kiziwi.

Wakamwita Maringo kweli, maana ukimsemesha upande wa kushoto hakugeuka. Wakati wa mapumziko alisimama peke yake ukutani, akila mkate wake polepole ili umfikishe hadi kengele. Aliyembakia ni jirani yake wa dawati tu, binti wa fundi cherehani, mwembamba hata akaitwa Sindano, aliyezoea kuongea naye uso kwa uso.

Jumatatu moja aligeuka, akamkuta Sindano anakusanya madaftari, macho mekundu.

"Nimekunong'oneza mdogo wangu amelazwa, wewe unaandika tu. Haya, kaa na maringo yako."

Wiki nzima nusu ya dawati ilikaa tupu.

Jumamosi mama alikijaribu kifaa. Kilikuwa kinafanya kazi.

"Betri ya wiki mbili inaingia wiki ya tano," alisema. "Mwanangu, unakivaa au unakitembeza?"

Binti alilia, akasema yote. Mama hakumgombeza. Aliomba naye.

Jumatatu alipita langoni na utepe kichwani.

"Leo umevaa redio?" mvulana mmoja alimtania.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Sindano.

"Sikio langu la kushoto halisikii. Niliona haya kukwambia. Mdogo wako anaendeleaje?"

Sindano aliweka kalamu chini. "Ametoka juzi. Na mimi nimekusema vibaya kwa darasa zima."

"Sikusikia."

Sindano alicheka bila kutaka. Akachukua madaftari yake, akarudi, safari hii akaketi kulia.

Jioni mama alisikiliza habari zote, akatikisa kichwa.

"Sikio bovu si aibu, mwanangu. Lakini mzigo ukiuficha mvunguni, nani atakusaidia kuubeba? Sema kweli mapema. Anayekupenda atajua akae upande gani."