Kimya cha Radhiya

Mtu yule aliingia dukani bila hodi, mgongoni kabeba begi lililompita kichwa, na vumbi likamwagika sakafuni pale pale Radhiya alipokuwa ndiyo kwanza amefagia.

Ilikuwa asubuhi, na soko la Darajani lilikuwa limefurika watu. Nje wauza matunda walikuwa wakishindana sauti na honi, na harufu ya shokishoki zilizopasuka ilipenya mpaka ndani. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja tu cha Mchangani, alichoachiwa Radhiya na marehemu baba yake, fundi wa mikoba. Radhiya alihitimu chuo kikuu, shahada ya jiografia, na tangu siku hiyo alikuwa akishona zipu za watu huku akisubiri ajira ambayo haikuja. Alivaa baibui lililokunjwa mikono, mtandio wa rangi ya zambarau, na subana ya chuma ya kusukumia sindano kidoleni.

"Asalaam alaykum," alisema yule mgeni. "Samahani, mkanda wa begi umekatika. Nimelibeba kwa mkanda mmoja toka bandarini."

"Waalaykum salaam. Na hodi nayo imekatikia huko huko bandarini?"

Mgeni alicheka. Alikuwa mwembamba, mrefu, shati lake la kijani limepauka kwa jua, na ngozi ya pua ikimbambuka.

"Liweke hapo. Si hapo! Hapo nshafagia."

Radhiya alilipindua begi mezani. Mchanga mwekundu ukachuruzika kutoka kwenye mishono. Aliuchukua kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Huu si wa kwetu. Huu umesagika kutoka kwenye mwamba. Wa wapi?"

"Oman. Milimani. Pana mlima kule wanauita wa kijani, lakini ukiuona utadhani umeungua moto."

Sindano aliyokuwa akiitunga uzi ikasimama hewani. Radhiya alikuwa amesoma habari za milima mikavu miaka mitatu mizima, na kilima kirefu kuliko vyote alichopata kupanda ni kile cha Masingini, ambacho hata bibi yake alikipanda bila kuhema.

"Kaa kitako," alisema. "Hadithia."

Jina lake Jecha, mzaliwa wa Tumbatu, fundi wa viyoyozi. Alifanya kazi Maskati mpaka mkataba ukaisha. Wenzake walijaza makasha ya kurudi nayo nyumbani. Yeye alinunua begi, akapanda basi, na basi jengine, mji kwa mji, akiteremka popote palipompendeza. Alisimulia bonde kavu lenye mto wa mawe matupu, dereva aliyesimamisha basi katikati ya jangwa ili abiria wasali, na milima iliyobadilika rangi kila jua likisogea, mara makaa, mara mdalasini.

"Na nyumbani wamekupokeaje?"

"Sijafika. Lakini kaka yangu kanipigia simu. Kasema, wenzako wanarudi na mafriji, wewe unarudi na mchanga."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia friji anaweza kulinunua hapa hapa mjini, mtaani Ng'ambo."

Radhiya alicheka mpaka subana ikamtoka kidoleni.

Baada ya siku chache Jecha alirudi na begi lile lile.

"Mkanda wa pili nao umekatika?"

"Bado. Lakini unafikiria."

Basi huo ukawa mtindo. Leo zipu, kesho kifungo, na pasipokuwa na cha kushona palikuwa na simu.

"Unafanya nini, tabibu wa mabegi?"

"Nnashona. Na wewe?"

"Nnatengeneza kiyoyozi cha watu Shangani, lakini jasho lanitoka kwa kukuwaza."

"Mwongo mkubwa. Kata simu ufanye kazi, laazizi, watu wasife kwa joto."

Hazikupita wiki nyingi Radhiya akaanza kujishonea begi lake mwenyewe, la turubai, mikanda mipana, mifuko ubavuni. Mama yake, Bi Mwanaasha, alilikuta limening'inia ukutani.

"Hilo gunia la nani?"

"Langu, mama."

"Mtoto wa kike na gunia mgongoni! Watu watasema nini?"

"Watasema nnakwenda."

"Wapi?"

"Nitakapofunga ndoa na Jecha hatutaki fungate la hotelini. Tutapanda mabasi, mimi na yeye, mpaka kwenye milima yake."

Bi Mwanaasha aliketi juu ya kitanda polepole. Kwanza alikasirika, kisha akauliza kama kule kunapatikana samaki. Radhiya alijua hapo kuwa mama hana neno.

Jecha alisema wazee wake watavuka kutoka Tumbatu Ijumaa, walete posa. Ijumaa ikafika. Baada ya sala ya alasiri Ami Hamad, mdogo wa baba yake na ndiye walii wake mwenye haki ya kumwozesha tangu baba kufariki, aliwaacha wageni barazani kwake, akaja kusimama nje ya pazia la chumba, akakohoa mara mbili kama ilivyo desturi.

"Radhiya."

"Naam, Ami."

"Wamekuja watu wa kheri. Kijana tunamjua, ana kazi yake, na wazee wake ni watu wa heshima. Unaridhia?"

Radhiya alifunzwa tangu udogo namna mwari anavyojibu swali hilo. Aliinamisha kichwa, akauvuta mtandio mpaka mdomoni ili ami asisikie anavyocheka, na akanyamaza. Ami Hamad alisubiri kidogo, akasema alhamdulillahi, akaenda zake.

Jumamosi Jecha hakupiga simu. Jumapili hakupokea. Jumatatu Radhiya alimpigia kwa simu ya mama yake.

"Mbona hupokei?"

"Hongera, bibi harusi."

"Ahsante, bwana harusi."

"Usinifanyie mzaha, Radhiya. Nakuomba."

"Mzaha gani?"

"Ijumaa bahari ilichafuka, boti haikuvuka. Wazee wangu wamefika Jumamosi, wakaambiwa mtoto keshaposwa. Yule Muhiddin mwenye duka la vigae. Na kwamba umeulizwa ukaridhia."

"Niliulizwa," alisema. "Nikanyamaza."

"Basi ndiyo umekubali."

"Nilinyamaza kwa ajili yako, mjinga wewe! Nilidhani ni nyinyi!"

Kwenye simu Radhiya alimsikia akizima feni.

"Basi sema," Jecha alisema. "Kama ulinyamaza kwa ajili yangu, sasa sema kwa ajili yangu."

"Sitasema kwa ajili yako. Ntasema kwa ajili yangu."

Hakubadilisha nguo. Alitoka na baibui lake la kazini, nyuzi zimemganda mikononi, akakata vichochoro mpaka barazani kwa Ami Hamad. Wazee walikuwa wakinywa kahawa. Mwanamke kusimama mbele ya baraza ya wanaume saa ile halikuwa jambo la kawaida, na wazee wote wakageuka kumtazama.

"Shikamooni."

"Marahaba. Radhiya? Kuna nini? Ingia ndani kwa wanawake."

"Ami, jibu mlilolitoa si langu."

"Nimesema ingia ndani."

"Mlilitoa hapa barazani, nami ntalirudisha hapa hapa. Simtaki Muhiddin."

Ami Hamad alisimama, kofia imekwenda upande. "Ulinyamaza! Mwari akinyamaza ameridhia. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Nami nimefunzwa hivyo hivyo. Lakini hukunitajia jina, Ami. Mimi niliridhia aliyemo moyoni mwangu, nyinyi mkampa aliyekuwepo mlangoni."

Mzee mmoja, Silima, aliweka kikombe chini. "Hamad, hukumtajia jina?"

"Sikudhani kama yupo mwengine."

"Basi hukuuliza."

Watu wakatazama chini. Ami Hamad aliona haya, na haya zikageuka hasira.

"Sikuozeshi kwa mtu aliyekwenda Arabuni akarudi na mchanga. Mwanamke huna haya, unataka kurandaranda majangwani na mzigo mgongoni!"

"Nautaka, ndiyo. Na sioni aibu kuutaka. Usiponiozesha mlango wa Kadhi naujua, Ami, lakini sitaki kuupita." Alimsogelea ami yake. "Nataka siku ya ndoa mkono wako ndio uwe ndani ya mkono wa Jecha. Baba hayupo. Umebaki wewe."

Ami Hamad alikaa chini kama mtu aliyebeba gunia.

"Ijumaa mama yake Muhiddin anatoka Makunduchi na watu wake kuleta mahari," alisema. "Mimi kumwendea na maneno haya siwezi. Nenda wewe. Umtazame usoni umwambie. Ukifanya hivyo, mkono wangu utaupata."

"Ntakwenda Alhamisi."

"Umeahidi."

"Nimeahidi."

Jumatano jioni Jecha alikuja dukani mbio, bado ameshika bisibisi.

"Radhiya! Kuna kampuni ya Maskati, inatembeza wageni milimani kwa mabasi. Wanatafuta mwanamke wa kuongoza wageni wa kike, aliyesoma jiografia, anayejua Kiingereza na Kiarabu kidogo. Nimewatajia wewe! Mtu wao yupo Shangani, anakutaka kesho saa nane. Alasiri anapanda ndege."

Radhiya alishika meza. Kazi. Milima. Mshahara wa kutembea mahali alipokuwa akipaota.

"Kesho nnakwenda Makunduchi," alisema.

"Nenda keshokutwa."

"Keshokutwa Bi Mardhiya, mama yake Muhiddin, atakuwa keshavaa, keshapanda gari, na mahari yapo mapajani mwake. Nimwache aje kuaibikia njiani?"

"Radhiya, mpenzi wangu, hiyo kazi ndiyo milima yenyewe."

"Milima ilikuwepo kabla ya kampuni."

Jecha alizungusha bisibisi mkononi. "Basi ntakupeleka kwa vespa. Tukitoka mapema tutawahi vyote."

Walitoka mapema. Radhiya alivaa baibui lake jipya lenye nakshi ya fedha mikononi, ili mama wa watu asione amedharauliwa. Lakini walipofika Makunduchi nyumba ilikuwa imefungwa. Bahari ilikuwa imekupwa, na wanawake wote walikuwa mbali majini, kwenye mashamba ya mwani, wameinama juu ya kamba zilizofungwa kwenye vijiti, mistari na mistari.

"Hawatoki mpaka maji yajae," alisema msichana mmoja pwani. "Bi Mardhiya ni yule wa kule mwisho, mwenye kanga nyekundu."

Jecha alitazama saa yake. Radhiya alivua viatu, akampa avishike, akaingia majini na baibui lake. Matope yalimnyonya miguu. Alipomfikia Bi Mardhiya nakshi zote zilikuwa zimelowa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Radhiya. Wa Mchangani."

Uso wa Bi Mardhiya ukachanua. "Mkwe wangu! Ndiyo umekuja kunisaidia mwani kabla hata hujaingia nyumbani?"

Radhiya alimtazama usoni.

"Nimekuja kukwambia kuwa simridhii Muhiddin. Niliulizwa bila kutajiwa jina, nikanyamaza nikidhani ni mtu mwengine. Nakuomba radhi, Bi. Nisingeweza kukuacha usafiri kesho."

Kamba ilimtoka Bi Mardhiya mikononi.

"Mwanangu ana kasoro gani?"

"Hana."

"Basi nini?"

"Nampenda mwengine."

"Na Hamad amekutuma wewe?"

"Kimya kilikuwa changu. Maneno nayo yawe yangu."

Bi Mardhiya alipangusa uso kwa mkono wenye chumvi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa kali. "Kesho nimewaalika hawa wote unaowaona. Wameshona sare. Nani atakayewaambia? Mimi? Nizunguke mstari kwa mstari nikieleza kuwa mwanangu amekataliwa?"

Radhiya aligeuka, akaitazama ile mistari. Jua lilikuwa limeshapanda. Kwa mbali, Jecha alikuwa akimpungia simu.

"Hapana, Bi," alisema. "Ntawaambia mimi."

Alianza na mstari wa karibu. Alisalimia, akajitambulisha, akasema. Mwanamke wa kwanza alimsonya. Wa pili alimwuliza kama wasomi wote wa mjini ndivyo walivyo. Wa tatu alicheka, akasema laiti na yeye angesema zamani zake, na wenzake wakamrushia maji. Radhiya hakujitetea kwa yeyote. Alisema maneno yale yale, akaomba radhi, akasogea. Kule pwani Jecha aliweka simu sikioni, akaiweka tena, kisha akaishusha.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yamemfika magotini, aliposikia mtu akichapa maji nyuma yake. Alikuwa Jecha, suruali kaikunja, viatu vya Radhiya kavitia kwapani.

"Yule mtu wa kampuni ameghairi kusubiri," alisema. "Anaondoka."

"Najua."

"Radhiya, tumeikosa."

"Najua, laazizi. Nimebakisha mstari mmoja."

Jecha alimtazama kuanzia mtandio uliolowa mpaka mahali miguu yake ilipopotelea majini. Alimpa mkono, na wakaenda pamoja kwenye mstari ule wa mwisho, ambako mwanamke mmoja mzee alikuwa ameshainuka, mkono kiunoni, akiwangojea.

"Shikamoo, Bi," alisema Radhiya.