Mikono ya Mdogo Wangu

Cheka tu. Cheka mpaka meno yakauke, halafu ukae chini unisikilize. Ukiniambia tena kwamba ya bibi yako yalikuwa maradhi ya akili, nitakuzaba kofi, mzee hivi hivi.

Bibi yako, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa fundi cherehani. Mcheshi, lakini hasira zake zilikuwa karibu. Akimtukana mteja asubuhi, jioni yuko magotini anajuta. Siku moja, mchana kweupe, nilimkuta sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, anasali.

"Nimechoka kuchagua, nimechoka kukosea. Nichukulie hiari yangu. Mikono hii itumie utakavyo."

"Na anayekusikiliza ni nani?" nikamuuliza.

"Dada, acha kufuru. Kwani kuna mwingine?"

Wakati ule nilidhani hakuna.

Kesho yake mikono ikaanza kushona yenyewe. Yeye anapiga soga na mimi, macho dirishani, huku kola inakamilika bila kasoro. Akalia kwa furaha. Ikawa inafuta vumbi, inapangusa machozi ya watu. Hata masufuria yangu iliyasugua, nami sikulalamika.

Mpaka siku aliponiita kwa kunong'ona. Mikono ilikuwa inapinda kitambaa cheupe. Sanda. Haikuzidi urefu wa mkono wangu.

"Ya nani?"

Akageuza macho kitandani. Mjukuu wake mchanga alikuwa amelala pale, mama yake yuko kazini.

"Acha kushona."

"Haiachi, dada."

Nikaipokonya sindano. Ikachukua nyingine.

"Ikifanya, dhambi ni ya nani?" akaninong'oneza. "Niliomba kwa nia njema."

"Najua. Lakini aliyeitoa hiari ni wewe."

Sindano ikaanguka. Mikono ikanyooka kuelekea kitandani. Yeye anajikaza nyuma, yenyewe inamburuta mbele. Nilimshika kiuno. Alinishinda. Vidole vikafika shingoni mwa mtoto. Vikatulia. Vikaanza kubana.

Akainama akaing'ata. Meno bado yalikuwa yake. Nikamnyakua mtoto.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Akanifuata mpaka mlangoni, akaisukuma mikono kwa mabega, mpaka vidole vyote vikawa kwenye fremu.

"Funga."

"Utabaki bila vidole, mdogo wangu."

"Hili naamua mimi. Funga!"

Nikafunga.

Ndiyo maana umekua ukimwona bibi yako analishwa kwa kijiko. Mtoto yule ni wewe. Usinikodolee macho.

Sanda ile niliikunja, nikaificha chini kabisa ya sanduku langu, upindo mmoja haujaisha. Ufunguo nauvaa shingoni. Bibi yako amekufa, tumemzika, na maneno ya sala ile hakuwahi kuyatamka tena mbele ya mtu.

Jana nimepita dirishani kwako nikakusikia unasali. Umechoka kuchagua. Umechoka kukosea. Ichukuliwe hiari yako. Neno kwa neno, mjukuu wangu. Nani kakufundisha?

Nikaenda kufungua sanduku. Upindo umemalizwa. Na kitambaa kimerefuka. Nimekileta, kitandike ujipime ukitaka. Kinakufunika utosi mpaka nyayo.

Umeacha kucheka.

Sikulaumu. Kujiamulia kunachosha, na ukikosea hakuna wa kumsingizia. Lakini mimi sitakuamulia. Idai hiari yako leo hii, kwa sauti, kwa mdomo wako, ungali wako. Simama ukaseme. Mimi natoka, nafunga mlango.

Mbona unanifuata?

Ondoa vidole kwenye fremu.

Nimesema ondoa. Unaisukuma ya nini mikono kwa mabega, kama yeye?

Mjukuu wangu. Nitazame. Nifunge?

Umeitikia kwa kichwa. Haya. Kichwa bado ni chako.

Nafunga.