Shahidi Asiyeshika Kitabu

Asubuhi Hamida alianika makopa ya muhogo, kisha akashika jembe na kwenda kupalilia mikorosho. Ndivyo alivyoishi tangu mumewe afariki. Majirani pale kijijini Mkunya walimwita Mama Nurdin, kwa jina la mwanawe.

Mwaka huo shemeji yake, Fakihi, alivuka mpaka. Alifyeka chini ya mistari miwili ya mikorosho ya Hamida, akasema, "Hii ni yangu. Marehemu kaka alinipa."

Hamida alipeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Alikuwa na shahidi mmoja tu, Mzee Anselmo, aliyepanda mikorosho ile pamoja na marehemu.

Siku ya baraza, mwenyekiti, Mzee Sultani, aliweka mezani Msahafu na Biblia.

"Chagua kitabu chako uape," alimwambia Anselmo.

"Sitaapa," Anselmo alijibu. "Nilibatizwa, lakini siku hizi sina dini. Nitasema ninachokijua."

Watu walinong'onezana. Sultani alikunja uso.

"Asiyemwogopa Mungu ataogopa nini asidanganye? Mama Nurdin, Jumatano ijayo lete shahidi mwingine."

Shahidi mwingine hakuwepo. Jioni Hamida alikwenda kwa Anselmo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Shika tu Biblia, baba. Nani ataujua moyo wako?"

"Mimi nitaujua," alisema Anselmo. "Unataka nianze ukweli kwa uongo?"

Hamida aliondoka na hasira. Yeye alikuwa mtu wa swala tano. Njiani alijiuliza kama mtu asiye na dini anaaminika kweli.

Kesho yake alikwenda Newala mjini kwa Mabel, msaidizi wa kisheria. Mabel alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee amewahi kukudanganya?" aliuliza.

Hamida alifikiri. "Hapana. Mume wangu alipougua, yeye ndiye aliyempakia kwenye baiskeli mpaka hospitali."

"Basi sikia, Mama Nurdin. Hata mahakamani, asiye na dini anaruhusiwa kuthibitisha. Anasema, 'Nathibitisha kwamba nitasema kweli.' Akidanganya, anashtakiwa sawa na aliyeapa."

"Kwa hiyo dini haina kazi?"

"Ina kazi. Mimi ni Mwanglikana, na dini yangu ndiyo iliyonifundisha kuheshimu watu. Wewe yako imekufundisha vivyo hivyo. Tuzishike. Lakini Katiba yetu inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Haisemi kwanza aonyeshe anasali wapi."

Jumatano Mabel alifika barazani, akawaeleza wajumbe hayo hayo. Sultani alivitazama vile vitabu viwili mezani. Ndipo mjumbe mmoja, Bi Veridiana, akasema taratibu, "Mwenyekiti, ukitokea msiba, Anselmo anatuchimbia kaburi, marehemu awe Mwislamu au Mkristo. Leo tumwambie hafai kusikilizwa?"

Sultani alivisogeza vitabu pembeni kwa heshima. "Haya, mzee. Thibitisha."

Anselmo alisimama, akathibitisha, kisha akasema, "Mistari ile miwili ni ya Mama Nurdin. Tuliipanda mimi na marehemu, na haikutolewa kwa mtu. Lakini mikorosho mitatu iliyo karibu na njia ni ya Fakihi. Marehemu alimpa mbele yangu."

Hamida alimkazia macho Anselmo. Mitatu ile ndiyo iliyozaa kuliko yote, na yeye aliihesabu yake miaka yote. Shahidi wake mwenyewe!

Fakihi alikuwa ameinamisha kichwa. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Kaka alinipa mitatu. Tamaa ndiyo iliyonivusha mpaka. Mzee huyu angetaka kumpendelea shemeji, hiyo mitatu asingeitaja."

Baraza liliamua hivyo hivyo, na siku hiyo hiyo walikwenda shambani wote, wakapanda mkonge kuwa alama ya mpaka. Fakihi na Hamida walipeana mikono.

Wakati wa kurudi, Hamida alitembea na Anselmo.

"Nimekukosesha mikorosho mitatu, mwanangu," alisema mzee.

"Haikuwa yangu, baba," Hamida alijibu. "Nisamehe kwa maneno ya jioni ile."

Vitabu viwili bado vipo mezani kwenye baraza lile. Lakini sasa, kila shahidi anaposimama, Mzee Sultani humuuliza kwanza, "Utaapa, au utathibitisha?" Kisha humsikiliza.