Kwangu Bipu, Kwake Maongezi

"Bader, sema polepole. Mikono imejaa vitunguu, nimekuweka spika."

Mwanamvua alikuwa anatoka stoo na sinia la mchele. Akaganda mlangoni. Bader ni mumewe, yuko Maskati mwezi wa tatu sasa, dukani kwa ami yake. Na huyo anayeongea naye pale uani, kwenye mkeka, ni Ibtisam, binti wa kaka yake mama mkwe. Wanawake waliokuja kupika hitma ya marehemu baba yake Bader waliacha kumenya.

"Basi nikupigie baadaye?"

"La, ongea tu. Au umeshanichoka?"

"Nikuchoke wewe?" Bader akacheka. Kicheko kile Mwanamvua alikuwa hajakisikia tangu uwanja wa ndege.

Huko uwanja wa ndege ndiko alikopewa masharti. Bader alichomoa laini yake ya Tanzania, akasema ukiitumia ugenini inakula hela kama moto. Angenunua laini ya huko huko, na kwa kuwa kupiga simu ni ghali, wangebipiana. Bipu moja, niko salama. Mbili, nimekutumia ujumbe wa sauti, usikilize ukipata waifai. Tatu ni msiba au ajali. Hapo aliyebipiwa apige papo hapo, iwe ghali isiwe ghali. Mwanamvua akayashika masharti kwa imani. Hata mtoto wao Mahmoud alipolazwa kwa malaria hakubipu tatu, akimhurumia mume. Alirekodi sauti, akabipu mbili, akakaa kungoja.

Sasa akaweka sinia chini, akatoa simu kwenye pindo la kanga. Akabipu. Akabipu tena. Akabipu mara ya tatu.

Kwenye spika Bader akasonya.

"Nini?" Ibtisam akauliza.

"Kuna mtu ananibipu."

"Nani?"

"Nyumbani tu. Atasubiri."

Ibtisam akainua macho, akamwona Mwanamvua na simu mkononi. Hakukata. Akatabasamu.

"Nyumbani ndiyo hapa, Bader," Mwanamvua akasema. "Assalaam alaykum."

"Mwanamvua? Uko hapo?"

"Niko uani kwa mama yako, nampikia baba yako hitma. Salamu hujaitikia."

"Waalaykum salaam."

"Nimebipu mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Tatu. Tatu ni nini, mume wangu? Waambie na hawa wenzangu."

"Nilidhani umekosea kubonyeza."

Mwanamke mmoja akaguna. Bi Hanadi, mama mkwe, akasimama na upawa wake.

"Inatosha. Usimvue nguo mwanangu mbele za watu. Ibtisam nimemtaka mimi, ni damu yangu. Wewe shari za nini?"

"Mama, mke wa pili simkatalii, dini imempa ruhusa. Lakini imemtaka atende haki. Na huyu hata ndoa bado. Anaongea naye kama nani?"

"Kama mchumba," Ibtisam akadakia. "Na usinikodolee. Mwanamume akikutaka anakupigia. Mimi mtu akinibipu, nazima simu."

"Simu za huku ghali, Mwanamvua, unajua," Bader akasema.

"Ghali kwa nani? Maskati ni hiyo moja na laini ni hiyo hiyo. Alhamisi ile ya mvua mwanao ana dripu mkononi, nimekutumia sauti saa kumi jioni. Umejibu kesho yake adhuhuri, ukasema waifai ilikatika."

Ibtisam akaweka kisu chini.

"Mahmoud alilazwa Alhamisi ile?"

Akaiinamia simu.

"Bader, nakuuliza wewe. Alhamisi tuliongea toka magharibi mpaka isha. Unanisimulia mkufu ulioninunulia. Mbona hukuniambia mtoto amelazwa?"

"Sikutaka kukuharibia furaha."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Ujumbe niliusikia, ndiyo. Nikasema nimalize kwanza…"

"Umalize nini?"

Hakusubiri jibu. Alikata simu kwa kidole chenye maji ya vitunguu, akamgeukia Bi Hanadi.

"Shangazi, mtafutie mwingine. Leo napigiwa, nikishazaa nitabipiwa."

Kisha akamtazama Mwanamvua. "Na usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako."

"Wala sikushukuru."

Simu ya Mwanamvua ikaita. Namba ya Maskati. Safari hii haikukatika mlio wa kwanza, wala wa pili. Akapokea.

"Umefurahi?" Bader alikuwa anahema. "Umeniaibisha mbele ya mama yangu. Kama unataka talaka sema, naitamka sasa hivi."

"Hiyo usiitamke kwenye simu."

"Kwa nini nisiitamke?"

"Kwa sababu sikuolewa kwenye simu. Utapanda ndege, utakuja Zinga kwa kaka yangu Mtoro, ukae kitako mbele yake na mbele ya mashahidi, unitazame, ndipo useme. Na kabla ya hapo utamtazama mwanao."

"Nije huko kwa neno moja tu? Nauli yenyewe unajua ni kiasi gani?"

Mwanamvua akakata. Akamwambia Bi Hanadi mchele umeshachaguliwa, umebaki kuoshwa, kisha akaingia chumbani kumwamsha Mahmoud wapate gari la Zinga kabla ya alasiri.