Fungu la Mrefu

Wali ulikuwa umetoka jikoni sasa hivi, mvuke bado unapanda, lakini Koplo alipoketi tu, nusu ya sahani ikaoza. Mkewe aliona kwa macho yake: mstari ulijichora katikati ya wali, umenyooka kama uliopitishwa kidole, na upande mmoja punje zikalainika, zikawa za kijivu, zikavuta ute.

"Labda sufuria haikuoshwa vizuri, niliiosha mimi," mama mkwe, mama yake Koplo, akadakia, ili mkwe wake asione haya.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza tangu Koplo arudi kutoka vitani, mwaka wa sitini na tatu. Wiki ya pili ilioza sahani nzima. Maharage yalitoa funza, maziwa yakaganda kama usaha, na mkate aliouficha mfukoni ili akaule kazini, karakanani, ukageuka tope mkononi. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amebaki mifupa, na ile harufu, harufu ya kidonda kilichofungwa bila kuoshwa, ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye mashuka, mpaka kwenye nywele za mtoto mchanga. Mama mkwe hakuziba pua hata siku moja. "Nina mafua," alisema, huku machozi yakimtoka.

Mganga, mama mmoja mnene mwenye maneno machache, alikuja mchana. Alinusa sahani, akatema mate.

"Vitani ulikula na nani?"

Koplo akainamisha kichwa.

"Sema, mwanangu," mama yake akamnong'oneza.

"Tulikula wawili kwa mkebe mmoja," akasema kwa sauti ndogo. "Mmoja anagawa, mwenzake anachagua, ili tusipunjane. Mimi na Mrefu. Tukakwama handakini siku nne, risasi imemvunja taya. Nikagawa. Akanyoosha kidole achague. Nikala mafungu yote mawili, ananitazama. Nilijiambia hawezi kutafuna."

"Na kumeza?"

"Ningemlowekea, angemeza."

"Aliyekufuata si Mrefu," mganga akasema. "Ni jini, limeivaa njaa yake kama shati. Gawa, uliambie lichague. Fungu litakalobakiza, ulimalize lote. Ukishindwa, mwezi huu hauumalizi."

Koplo akagawa wali kwa kijiko. "Chagua, ndugu yangu."

Ikasikika sauti ya kufyonza, sauti ya koo lisilo na taya, ikapita nyuma ya bega la mke, ikainamia meza, na fungu moja likaanza kupungua punje kwa punje huku lile lingine likitutumka, likipasuka, likitoa funza wanene waliopandana na maji meusi yaliyotiririka hadi ukingoni mwa sahani. Koplo akatia tonge la kwanza, akalimeza. La pili likarudi. La tatu mkono haukufika mdomoni, ukaanguka mezani.

Mkewe akampa mama mkwe mtoto, akavuta kiti.

"Wewe hukuagizwa!" mganga akasema kwa ukali.

"Huyu ni mume wangu. Nisogezee sahani, baba watoto."

Akala. Vitu vilitambaa juu ya ulimi wake, vikapasuka kwenye meno, uchungu ukapanda mpaka puani, naye akaendelea kumeza, mkono wake wa kushoto umeshika goti la mumewe, mpaka sahani ikawa tupu.

Harufu ikatoka nyumbani kama mgeni aliyeshiba. Koplo akanywa kikombe kizima cha uji, hakikuoza, akalala palepale, kichwa mapajani mwa mama yake. Mganga akamtazama yule mke kwa muda mrefu, asimpongeze, akachukua mfuko wake akaondoka.

Mtoto akalia njaa. Mama yake akasukutua kwa maji ya sabuni mara tatu, akampa titi. Mtoto akanusa, akakunja uso, akageukia ukutani.

Akakamua tone moja kiganjani. Ndani yake kitu cheupe, chembamba kama uzi, kilikuwa kinajinyonganyonga.