Murefu Anasema Nini?

Saa za watu kutoka kazini, mlango wa metro ya Porte de Namur, huku Ulaya, haumjui mkubwa wala mdogo. Ni mabega, mikoba na miavuli tu. Hapo ndipo Philbert, dereva wa ubalozi mmoja, kijana wa Morogoro aliyevaa koti la sufu la kijivu na viatu vya kung'aa, alipokanyaga mfuko wa mtu na kuponda trei zima la mayai.

"Mama yangu!" alimaka.

"Mama yako hayupo," mwenye mayai alimjibu kwa Kiswahili. "Tupo mimi na wewe. Nani atayakaanga haya?"

Alikuwa Djibril, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mwembamba, jaketi jekundu limefungwa hadi shingoni, macho yake ya mtu asiyejua kununa.

"Wewe ni Mtanzania," alisema Djibril.

"Umejuaje?"

"Mtu wa kwetu huku angeanza na pardon. Wewe umeanza na mama."

Wakacheka pale pale, watu wanawasukuma huku na huku. Philbert akanunua mayai mengine, akayabeba hadi kwa Djibril, na yakakaangwa siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyoanza. Asiyetaka kusikia habari za wanaume wawili waliopendana afunge kitabu sasa hivi, kwa sababu mimi sirudi nyuma.

Simu zikawa hazilali.

"Umekula, tabibu wangu?" Philbert aliuliza akiwa amekaa garini akimsubiri bosi wake.

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nangoja dawa."

"Dawa yako iko kazini inaogesha wazee. Vumilia."

Djibril alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee nje kidogo ya jiji, upande wa Waflamand, na kwa kuwaogesha na kuwabembeleza wale bibi na babu alikuwa amekijua Kiholanzi chao vizuri kabisa. Philbert hakukijua hata neno la kuombea maji.

Mapenzi yao yalikuwa na sharti moja, na sharti lilikuwa la Philbert. "Mbele za watu hatujuani," alisema. "Tuvute subira. Mambo mazuri hayataki haraka."

Mambo mazuri hayataki haraka! Sina ugomvi na methali hiyo, ni ya wazee wetu. Lakini kuna watu wakiipata methali wanajifunika nayo gubigubi. Siku moja Djibril alimkuta Philbert stesheni ya Gare du Nord amesimama na Watanzania wenzake. Kabla hajafungua mdomo, simu yake ikalia, ujumbe: pita kama hujaniona. Djibril akapita.

Sasa njoo mtaa wa Saint-Josse, kwenye mgahawa wa Maman Mauwa, mama wa Uvira aliyejaa mwili na sauti, anayepika sombe na ndagala za kukufanya umsahau aliyekuzaa. Ilikuwa mwaka 2012. Kila Jumapili mchana televisheni ya Waflamand ilirudia tamthilia ya timu ya mbio za baiskeli, na mmoja wa waendeshaji alikuwa kijana mweusi. Mweusi, kwenye televisheni ya Waflamand, tena nyota! Watu walijaa. Walimwita Petit, mtoto wetu. Rafiki yake, Mzungu mwenye miguu kama ngazi, wakamwita Murefu.

Lugha hawakuielewa, kwa hiyo Djibril alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, sauti imepunguzwa, akawa anawasimulia, kama walivyofanya wale jamaa wa vibanda vya video Buyenzi utotoni mwake. Petit alimpa sauti nyembamba, Murefu sauti nzito. Alichosema Djibril ndicho kilichosemwa, nani angempinga?

Hadi Jumapili ile Murefu alipomshika Petit mashavu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akambusu mdomoni. Hapo hapakuhitaji mkalimani.

"Zima! Zima iyi kitu!" alifoka Donatien, mzee wa Bukavu aliyependa baiskeli kuliko wote.

"Mungu yangu, mutoto yetu!" Maman Mauwa alishika kichwa.

Lucienne, msusi wa jirani, aliziba macho kwa viganja, ila vidole aliviachanisha.

Basi, bila kuulizwa na mtu, Philbert akasimama. Shati alilovaa alikuwa amepigiwa pasi na Djibril asubuhi ile. "Mimi ningekuwa baba yake ningemfukia mzima mzima," alisema kwa sauti. "Hao si watu. Hao ni takataka!"

Mgahawa ukalipuka kwa kicheko na makofi. Djibril alibaki kwenye kigoda chake, uso umemkauka.

Jioni simu ililia.

"Mpenzi..."

"Takataka inakusikiliza."

"Aah, Djibril, ule ulikuwa utani! Ulitaka nifanyeje, watu wote wananitazama?"

"Hakuna aliyekutazama. Walikuwa wanatazama televisheni."

"Basi nisamehe. Njoo, nimekupikia pilau."

"Sitaki pilau. Umenitukana kwa Maman Mauwa, uniombe radhi kwa Maman Mauwa, mbele ya hao hao uliowachekesha."

"Are you mad? Unataka niuawe? Mbona wewe hujamwambia tonton wako, aliyekulea, habari zetu?"

"Tonton Abdul-Aziz hajanisikia nikikuita takataka. Usipouomba huo msamaha, utanitambua." Akakata.

Mtu angedhani Jumapili iliyofuata mgahawa ungekuwa mtupu. Thubutu! Walikuja wote na ndugu zao. Donatien alijitetea kwamba alikuja kuona aibu hiyo itaishia wapi, akawahi kiti cha mbele. Philbert naye alikuja, maana asingekuja wenzake wangeuliza kulikoni.

Kwenye kioo Murefu alimpigia simu Petit kumweleza habari za matairi. Djibril akakohoa, akaishusha sauti. "Murefu anasema: 'Tabibu wangu, mbele za watu hatujuani. Tuvute subira. Mambo mazuri hayataki haraka.'"

Kijiko cha Philbert kilidondoka sakafuni.

"Eh!" Lucienne aliruka. "Sasa alimubusu ya nini?"

"Anaogopa watu," alisema Djibril kwa upole, kama mtu asiyehusika.

Jumapili nyingine: "Murefu anasema: 'Ukinikuta stesheni na wenzangu, pita kama hujaniona.'"

"Na Petit alipita?" aliuliza Maman Mauwa.

"Alipita, maman."

"Ooh, mutoto ya watu!" Maman Mauwa akachukua pembe ya kitenge akafuta macho. "Petit, muache huyo! Ningemupata huyu Murefu, ningemuonyesha!"

Hata Donatien, yule wa zima zima, alipiga meza. "Bon, mimi iyo mambo yao sipendi. Lakini ata mbwa anasalimiaka mwenye kumulisha. Iyi Murefu ni mwoga. Mwoga kabisa!"

"Mwoga!" waliitikia wote, na Philbert ilibidi aitikie nao. Nilimwona anavyotamka neno hilo, midomo imepauka, na sikumwonea huruma hata chembe. Aliyewapa watu kicheko na akae ale jeuri yake.

Simu ikalia kabla Djibril hajafika kwake.

"Unanivua nguo, Djibril!"

"Kuna mtu amekutaja?"

"Mimi najijua!"

"Alhamdulillahi. Basi walau mmoja anajua."

"Umebadilika. Hukuwa hivi."

"Mimi nilikuwa mtu. Wewe ndiye uliyetangaza kwamba mimi si mtu."

Djibril aliweka simu mezani akacheka peke yake. Kisasi kilimnogea, niseme uongo? Alianza kuingoja Jumapili kama zamani alivyokuwa akiingoja sauti ya Philbert. Kazini, huku akimkausha mzee miguu, alikuwa akikumbuka maneno ya chumbani, akichagua lipi litauma zaidi. Na mwenye kuchagua hivyo mwisho hufikia lile ambalo halikupaswa kuguswa.

Philbert aliwahi kumwambia, akiwa amemwinamia begani, kwamba tangu baba yake afe hawezi kulala gizani. Jumapili hiyo Murefu alikuwa anaongea na daktari wa timu. Djibril akasema: "Murefu anasema: 'Nikilala peke yangu naacha taa inawaka. Naogopa giza.'"

Walicheka mpaka Lucienne akashika mbavu. "Mwanaume muzima!" Donatien alipiga kelele. "Anaogopa giza!"

Philbert akainuka, akavaa koti lake la kijivu, akatoka bila kuaga. Hakupiga simu jioni, wala kesho yake, wala wiki nzima. Ule utamu ulimgeukia Djibril shubiri mdomoni. Alijua kabisa alichofanya. Jambo lile aliambiwa yeye tu, akalitoa watu walichekee. Mara kadhaa alilitafuta jina la Philbert kwenye simu, akaliangalia, kiburi kikamwambia Philbert ndiye wa kuanza.

Ikafika sehemu ya mwisho ya tamthilia. Mgahawa ulikuwa hauna pa kuweka mguu, wengine wamekalia makreti ya soda. Philbert hakuwepo. Djibril alisimulia bila nguvu, Petit na Murefu wakatoka na sauti moja, watu wakaanza kunung'unika. Mwishoni kabisa Murefu alionekana kando ya barabara, mvua inampiga, baiskeli imelala, Petit amesimama mbele yake. Murefu akaanza kuongea.

Mlango wa mgahawa ukafunguliwa. Philbert aliingia ameloa, akasimama pale pale mlangoni.

Djibril alipomwona, ulimi ukamgoma.

"Anasema nini?" aliuliza Maman Mauwa. "Djibril! Murefu anasema nini?"

Watu wakageuza shingo. Ndipo sauti ikatokea mlangoni.

"Anasema, 'Nilikuita takataka mbele ya watu, ili wanipigie makofi.'"

"Alimwita lini?" Donatien alishangaa.

"We Philbert," alisema Lucienne, "Kiflamand ulijifunza wapi?"

Philbert alikuwa anamtazama Djibril peke yake. "Anasema, 'Niliogopa. Nimeogopa maisha yangu yote na nimechoka. Nakupenda, na nakuomba radhi hapa hapa, mbele ya hao hao.'"

Hata mwenye kutafuna aliacha kutafuna. Maman Mauwa akamgeukia Djibril polepole. "Djibril. Ni vile anasema?"

Hapo sasa! Angesema ndiyo, mambo yangeisha kwa mzaha, Philbert angerudi kwenye kona yake salama. Angesema hapana akanyamaza, angemwacha Philbert peke yake mbele ya macho yote yale, na kisasi kingetimia chote. Djibril alivuta pumzi, akainuka kutoka kwenye kigoda.

"Hapana, maman. Murefu anaomba pampu ya baiskeli. Hayo anayasema Philbert. Ananiambia mimi. Na mimi nampenda."

Donatien alichukua kofia yake, akatema "Astaghfiru" ingawa ni Mkristo, akatoka na nusu ya watu nyuma yake. Hao hao waliomlilia Petit! Mtoto wa watu kwenye kioo walimwonea huruma, aliyewasimulia kwa mdomo wake wakamkwepa kama mwenye upele. Msinitajie wema wa watazamaji.

Maman Mauwa alibaki. Aliizunguka kaunta, akasimama mbele ya Philbert.

"Kumbe ni weye?"

"Ni mimi, maman."

"Ile ya stesheni?"

"Ni mimi."

"Ile ya haraka, haraka, haitaki haraka?"

"Ni mimi."

Kofi lililompata Philbert lilisikika mpaka barabarani. "Iyo ni ya Petit!" alisema Maman Mauwa. Kisha akamgeukia Djibril, kidole hewani. "Na weye! Dimanche yote, Jumapili yote, minalia, minafikiri ni film! Mutoke kwangu, wote wawili. Siku roho yangu itapoa, nitawaita."

Walisimama nje kwenye mvua, mbele ya duka la vitambaa la Mturuki. Shavu la Philbert lilikuwa limevimba.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Ile ya taa haikuwa ya kusema," alisema Djibril. "Ulinipa mimi tu. Nisamehe, Philbert."

Simu ya Djibril ililia mfukoni. Aliitoa, akaona jina, rangi ikamtoka. Tonton Abdul-Aziz, aliyemlea na kumleta Ulaya. Habari zilikuwa zimeshafika, nani asiyemjua Donatien. Djibril akaanza kuirudisha simu mfukoni.

"Hapana," alisema Philbert. Alimshika mkono, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mimi nimesema mbele ya watu wako, nikala na kofi. Pokea. Na mimi nisikie."

Simu iliendelea kulia. Watu walipita na mifuko yao ya sokoni. Djibril alimtazama, akaona kwamba kuna hasira bado, na mapenzi bado, na kwamba hatasogea.

Akabonyeza.

"Allô, tonton," alisema. "Ndiyo. Ni kweli. Niko naye hapa."